Baba mdogo kashikilia shamba la mizabibu, anasema "Mungu ndiye mgawaji". Kumwachia Mungu ni imani au ni woga?

#1 Zabibu Chungu
Wakuu, mbukwenyi. Niende moja kwa moja.

Baba yangu alifariki Machi 2014. Aliacha mke, watoto watatu na eka mbili za mizabibu huku Mpunguzi, barabara ya Iringa. Mimi ndiye mkubwa, wakati huo nilikuwa chuo. Kikao cha matanga kikaamua baba mdogo ashikilie shamba "kwa muda" mpaka tukue. Tumekua, kitinda mimba wetu sasa ana miaka 24. Baba mdogo bado kashikilia. Mwaka juzi aling'oa mstari wa minyaa uliokuwa mpaka kati ya shamba lake na letu, akapanda mizabibu mipya juu ya mpaka wenyewe. Leo ukisimama pale huwezi kujua chake kiliishia wapi na chetu kilianzia wapi.

Nikamfuata kistaarabu. Akanijibu: "Mwanangu, ardhi ni ya Mungu na Mungu ndiye mgawaji. Kama amenipa mimi, wewe ni nani ubishane na Mungu?" Ni mzee wa kanisa. Nikaenda kwa mchungaji, akanifungulia 1 Wakorintho 6, pale Paulo anapouliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Akamalizia na "mwachie Mungu, anatawala".

Nimekaa na neno hilo miezi sita. Mvua msimu uliopita zilikuwa za kubahatisha, biashara yangu ya mjini imeyumba, mama ana sukari. Naamini Mungu anatawala, sijakufuru. Ila naomba mnisaidie: mbona anayeambiwa amwachie Mungu siku zote ni yule asiye na shamba?

#2 Lete Ugali
Siti ya mbele. Mlenda upo?

#3 Mlokole wa Area C
Pole sana mpendwa. Usikate tamaa. Yusufu aliuzwa na ndugu zake wa damu, akafungwa gerezani, na mwisho akawaambia: ninyi mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema (Mwanzo 50:20). Hakuna jani linaloanguka bila Yeye kujua. Hata huyo baba mdogo yuko mkononi mwa Mungu. Shikilia Yeremia 29:11, anakuwazia mawazo ya amani, si ya mabaya.

#4 Bwana Shauri
Mistari tutaisoma, ila kwanza kuna saa inatembea. Kudai ardhi kisheria kuna ukomo wa miaka 12. Na kama marehemu alikuwa anaimiliki mpaka siku anakufa, hesabu inaanza siku aliyokufa, haianzi siku mliyogombana. Baba kafariki Machi 2014, piga hesabu mwenyewe mwisho ni lini. Halafu huwezi kwenda kudai kama "mtoto wa marehemu" tu. Anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na huyo ndiye anayefungua shauri. Mna msimamizi?

#5 Zabibu Chungu
Hatuna. Tulidhani kikao cha ukoo kinatosha.

#6 Bwana Shauri
Kikao kinapendekeza, mahakama ndiyo inateua. Tafuteni muhtasari wa kikao na cheti cha kifo. Na msikimbilie Baraza la Kata mkidhani litatoa hukumu. Tangu mabadiliko ya 2021 kazi yao ni kusuluhisha tu.

#7 Zabibu Chungu
Cheti cha kifo anacho baba mdogo 😂

#8 Lete Ugali
Hapo sasa ndipo Mungu anapotawala.

#9 Mama Mbuyu
Mlokole #3, dada au kaka yangu, nakuheshimu, ila soma tena hiyo Mwanzo 50. Maneno hayo aliyasema nani? Yusufu, aliyetupwa shimoni. Kaka zake walikuwa chini wanaomba msamaha, mistari michache tu juu yake. Hakuna hata mmoja aliyesimama na kusema "Yusufu, usilalamike, kukuuza kwetu kulikuwa mpango wa Mungu". Wangethubutu? Baba mdogo kachukua maneno ya Yusufu kayatia kinywani mwa Yuda.

#10 Kijana wa Nkuhungu
#9 umeua 🔥

#11 Zabibu Chungu
Mama Mbuyu, kwa miezi sita nilikuwa nahisi kitu kinanikera kwenye ile sentensi ya mzee na sikuweza kukitaja. Ni hicho.

#12 Mwalimu Mstaafu Mvumi
Nami nisahihishe kidogo #3. Yeremia 29:11 iliandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na mstari wa nyuma yake unasema miaka sabini. Aliyesomewa barua ile akiwa na miaka thelathini hakurudi. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao huko huko. Mawazo ya amani yapo, ila hayakuja na tarehe ya karibu. Tunaikata barua katikati tunabandika kwenye kava la simu.

#13 Mlokole wa Area C
Mwalimu, hilo halipingani nami. Mungu anatawala miaka 70 kama anavyotawala siku moja.

#14 Mrangi Halisi
Assalaam alaikum na Bwana asifiwe, chagueni. Mimi ni wa Kondoa, ngoja nichangie upande wetu.

Kwetu kuamini kadari, ya kheri na ya shari, ni nguzo ya sita ya imani. Lakini kuna kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kinanisaidia kila nikisikia mtu anatumia kadari kama mto wa kulalia. Alikuwa njiani kwenda Sham, upande wa Siria, akaambiwa kuna tauni huko, akaamua kugeuza msafara. Abu Ubayda, kamanda wake huko Sham, akamuuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu: ndiyo, tunakimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampa mfano. Una ngamia, umefika kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu. Ukilisha penye majani umelisha kwa kadari ya Mungu, ukilisha pakavu umelisha kwa kadari ya Mungu.

Sasa mfugaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa hilo. Hakuna Mgogo wala Mbarabaigi anayeacha ng'ombe pakavu eti kadari. Mleta uzi, kwenda mahakamani ni kadari pia.

#15 Kijana wa Nkuhungu
Mrangi umenikosha. Kuna na ile ya funga ngamia wako kisha mtegemee Mungu.

#16 Bado Nipo Nipo
Mrangi, malizia kisa basi. Abu Ubayda alibaki Sham na watu wake na tauni ikamuua. Alikosea? Waislamu wanamhesabu miongoni mwa watu bora kabisa. Aliyeondoka alikuwa sahihi na aliyebaki alikuwa sahihi. Kwa hiyo kisa hakimwambii jamaa aende mahakamani wala abaki.

#17 Mrangi Halisi
Bado Nipo Nipo, we mtu mgumu 😅 Alibaki kwa sababu alikuwa kiongozi na watu wake wako mle ndani. Ila umenifikirisha, sikatai.

#18 Mzee wa Tembe
Shikamooni mlio wakubwa, na wadogo hamjambo. Nimesoma nyote.

Bibi yangu alizaliwa miaka ya thelathini, upande wa Bahi. Mama yake alimsimulia njaa ya Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920. Wagogo wazee ukitaja Mtunya wananyamaza kwanza. Sasa wakati ule watu wengine walisema Mulungu amekasirika, wengine wakasema watemi wameharibu mvua. Ni kweli mvua ilikata. Lakini kabla ya mvua kukata, jeshi la Mjerumani lilipita likachukua ng'ombe na mtama, likaondoka na wanaume kubeba mizigo ya vita isiyo yao. Mjerumani alipoondoka akaja Mwingereza, naye akachukua. Ukame ulikuta ghala tupu na zizi tupu. Juu yake ikaja homa ya mafua ya dunia nzima.

Ukame Wagogo waliuzoea, wana jina la karibu kila njaa. Kilichoua Mtunya ni kwamba akiba ya kupambana na ukame ilikuwa imeshaliwa na askari. Ndiyo maana mimi mtu akiniambia "ni mapenzi ya Mungu" huwa namuuliza kwanza, nani alipita hapa kabla ya ukame?

#19 Hoja kwa Hoja
Asante Mzee. Basi twende mpaka mwisho. Kama Wajerumani na Waingereza wanatosha kueleza Mtunya, na baba mdogo anatosha kueleza shamba, Mungu anaingilia wapi? Mnamtaja kwenye hesabu ambayo imeshafungwa bila yeye.

#20 Mzee wa Tembe
Hoja, bibi mwenyewe hakuiona hivyo. Mama yake alisafiri kwa miguu na mtoto mgongoni kwenda kutafuta nafaka, wakalala njiani, akapewa kibuyu cha uji na mwanamke asiyemjua ambaye naye alikuwa na watoto. Mpaka anakufa alikuwa anasema "Mulungu alinipa uji". Hakusema Mulungu alileta njaa. Njaa aliwapa Wazungu, uji akampa Mulungu. Kimantiki utamkamata, najua. Mimi sikuwahi kuthubutu kumkamata.

#21 Mlokole wa Area C
Lakini Biblia haigawi hivyo. Isaya 45:7, Mungu anasema anafanya suluhu na kuhuluku, yaani kuumba, ubaya. Ayubu naye: BWANA alitoa, na BWANA ametwaa. Hakusema Waseba wametwaa, ingawa ni Waseba kweli waliochukua ng'ombe wake.

#22 Mama Mbuyu
Hapo umenibana, nakiri. Ila ona tena msemaji ni nani. Ni Ayubu. Waseba hatujawasikia.

#23 Stesheni ya Zamani
Mimi nina kisa changu. Mama yangu alitakiwa kupanda ile treni ya ajali ya Msagali 2003, apande Morogoro aje Dodoma kwenye msiba. Alichelewa kwa sababu mdogo wangu alijisaidia kwenye nguo, akarudi kumbadilisha. Treni ikaondoka. Mpaka leo tunamwita huyo mdogo wetu Neema, ingawa cheti chake kina jina lingine. Msiniambie Mungu hatawali.

#24 Bado Nipo Nipo
Ni Igandu, si Msagali, na ni tarehe 24 Juni 2002. Treni ilishindwa mlima, ikarudi kinyumenyume bila breki mpaka ikaivaa treni ya mizigo. Waliokufa ni 281 kwa idadi iliyotangazwa. Nafurahi mama yako yupo. Lakini ndani ya yale mabehewa kulikuwa na akina mama waliowahi kwa sababu watoto wao hawakujisaidia. Hao tuwape jina gani?

#25 Stesheni ya Zamani
Asante kwa kunisahihisha mwaka na kituo, nilikuwa mdogo. Swali lako sina jibu. Mama mwenyewe hajawahi kusimama kanisani kutoa ushuhuda huo. Tukimlazimisha anasema "na mke wa Fulani je?" Ni jirani yetu, yeye alipanda.

#26 Mwalimu Mstaafu Mvumi
Mama yako amemsoma Luka 13 bila kufungua kitabu. Yesu aliletewa habari za watu waliouawa na Pilato, naye akaongeza mwenyewe wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Halafu hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Nimefundisha dini miaka 31, kila mwaka kuna mwanafunzi mmoja aliuliza "sasa kwa nini ulianguka?" na kila mwaka nilijidai natafuta chaki.

#27 Lete Ugali
Mwalimu 😂😂 natafuta chaki

#28 Mkulima wa Hombolo
Jamani mnajadili mbingu, hakuna anayeongelea mizabibu. Eka mbili zina mistari mingapi? Ya umri gani? Maana mzabibu usipokatwa vizuri misimu miwili tu umegeuka kichaka. Mimi nina mizabibu tangu 2006. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno yanaanza na mkasi. Unaacha macho mawili matatu, pale panapochipua, kwenye tawi, mengine yote chini. Mgeni akipita siku hiyo anadhani umeharibu shamba. Yohana 15 ukisoma ukiwa na mkasi mkononi ni kitabu kingine, "kila tawi lizaalo hulisafisha". Linalozaa ndilo linalokatwa. Labda msimu huu wewe ndiye unayekatwa.

#29 Hoja kwa Hoja
Na tawi likiuliza swali?

#30 Mkulima wa Hombolo
Linalia tu. Kweli si utani, ukikata wakati mizizi ina maji, pale penye kidonda panadondosha maji siku mbili tatu. Wazee wanasema mzabibu unalia. Haufi kwa hilo.

#31 Binti Nyaturu
Nilikuwa nasoma kimya kimya toka Singida. Nimeona wote mnaogombea shamba la baba ni wanaume, nikasema niingie.

Sisi tuko mabinti wanne na kaka mmoja. Mzee alipofariki kaka akachukua mashamba yote ya alizeti, na ukoo ukasema binti ataolewa, Mungu atampa kwa mume wake. Unaona? Nako Mungu ndiye aliyetajwa. Mimi nilifanya kitu kimoja. Kwenye kikao cha arobaini niliomba nisome Neno kama mtoto wa marehemu, wakafurahi. Nikasoma Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi wamesimama mbele ya Musa wanadai urithi wa baba yao, Musa anapeleka kesi kwa Mungu, na Mungu anasema mabinti wamenena sawasawa. Nikafunga Biblia nikakaa. Kimya kile mpaka leo nakisikia.

#32 Kijana wa Nkuhungu
Wakakupa?

#33 Binti Nyaturu
Walinipa nusu eka ya mawe na sifa kwamba nasoma vizuri 😂 Kesi ya dada zangu inaendelea. Ila ongezeeni hapo, mwisho wa Ayubu wahubiri wanahesabu kondoo 14,000 na ngamia 6,000, mara mbili ya mwanzo, wanaishia hapo. Sura hiyo hiyo ya 42, mstari wa 15, Ayubu aliwapa binti zake urithi kati ya ndugu zao. Mtu aliyetoka kwenye taabu kubwa kuliko zote alitoka nayo hiyo.

#34 Mama Mbuyu
Miaka yote hii nimepita kwenye mstari huo kama napita kituo cha basi. Asante mwanangu.

#35 Dereva wa Manyoni
Naona mnazunguka, kisa cha jamaa kipo wazi kwenye Biblia, 1 Wafalme 21. Shamba la mizabibu la Nabothi. Mfalme analitaka, Nabothi anasema Bwana apishe mbali nikupe urithi wa baba zangu. Hakumwachia Mungu, alikataa. Mleta uzi kataa.

#36 Hoja kwa Hoja
Nabothi alipigwa mawe akafa. Eliya alifika wakati Ahabu ameshashuka kulimiliki shamba. Haki ilikuja na maiti imeshazikwa.

#37 Dereva wa Manyoni
Kwa hiyo akubali?

#38 Mwalimu Mstaafu Mvumi
Kuna mwingine aliyekubali. Isaka, Mwanzo 26. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yetu. Akakiita Eseki, akaondoka. Akachimba cha pili wakagombania, akakiita Sitna, akaondoka. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, maana yake nafasi. Mwenye kujua kuchimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu wa Ugogo anajua kuacha visima viwili si mchezo.

Kitabu kimoja kina Nabothi na kina Isaka, wote wawili wanasifiwa. Msiniulize yupi kwa ajili ya nani, chaki imeisha.

#39 Dereva wa Manyoni
Isaka alikuwa tajiri lakini. Mistari ya juu inasema alikuwa na kondoo na ng'ombe na watumwa wengi. Tajiri kuacha visima ni upole. Maskini akiacha anaitwaje?

#40 Msimulizi wa Pembeni
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Kimsingi mmesikia upande mmoja.

Huyo "baba mdogo" mnayemfananisha na Ahabu, mwaka 2013 aliuza ng'ombe wanne kumpeleka kaka yake kutibiwa Dar. Miezi mitano alikaa hospitali akilala chini ya kitanda. Ada ya chuo ya mleta uzi mwaka wa pili na wa tatu ilitoka wapi? Kimsingi ilitoka kwenye zabibu za shamba hilo hilo analosema limedhulumiwa. Na ardhi ile ni ya babu. Marehemu alipanda mizabibu, sawa, lakini juu ya ardhi ya babu, na babu alikuwa na watoto wawili. Andikeni na hayo.

#41 Lete Ugali
Wakuu naongeza kiti. Chai au?

#42 Zabibu Chungu
Si chai. Nimemtambua kwa hiyo "kimsingi". Binamu, karibu.

Yote aliyosema kuhusu hospitali ni kweli na nilipaswa kuyaandika mwanzo. Niliyaacha kwa sababu yananipunguzia hasira, na hasira nilikuwa naihitaji. Ada ni kweli pia. Lakini binamu, ng'ombe wanne walirudi lini? Hesabu hiyo iliwahi kukaliwa na nani? Kama baba mdogo angesema "mwanangu, nakudai", ningekaa naye tukahesabu mpaka debe la mwisho. Hakusema ananidai. Alisema Mungu kampa.

#43 Msimulizi wa Pembeni
Mzee hawezi kukwambia anakudai. Utamwambiaje yatima unamdai gharama za kuuguza baba yake? Angeonekana mtu gani?

#44 Mama Mbuyu
Ohoo.

#45 Mrangi Halisi
Subhanallah. Kumbe alitumia jina la Mungu kuficha aibu, siyo kuficha wizi.

#46 Hoja kwa Hoja
Au vyote viwili. Hiyo minyaa haikung'oka kwa aibu.

#47 Msimulizi wa Pembeni
Minyaa nilimwambia asing'oe.

#48 Bwana Shauri
Jamani hili la ardhi ya babu linabadilisha mambo. Kama babu hakugawa, mirathi ya babu nayo haijafunguliwa, na mizabibu iliyopandwa ni maendelezo ya marehemu. Inawezekana kabisa pande zote mbili zina haki ndani yake. Bado mnahitaji msimamizi, na bado saa inatembea. Undugu hausimamishi ukomo.

#49 Mlokole wa Area C
Mimi naona Mungu ameshaanza kutawala ndani ya uzi huu. Binamu wawili wanaongea.

#50 Hoja kwa Hoja
Wamekutanishwa na bando, mama mchungaji.

#51 Mlokole wa Area C
Na uji wa bibi yake Mzee wa Tembe uliletwa na kibuyu. Na mimi ni mwanaume.

#52 Lete Ugali
😂😂😂 uzi wa mwaka

#53 Mpita Njia 026
Off topic kidogo, mnaosema Wagogo wanapenda kuomba, mbona huu uzi mzima wanaombwa wao?

#54 Mzee wa Tembe
Hakuna aliyesema. Umekuja na lako. Ila kwa kuwa umeanza, Waingereza walikuja Kongwa 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakaacha 1951. Ardhi iligeuka saruji kiangazi na mvua ikawagomea. Hatukuwacheka. Tuliendelea kulima uwele.

#55 Zabibu Chungu
Mrejesho, kwa walioniuliza faragha.

Jumamosi nilikwenda shamba bila kumwambia mtu. Nilikusudia kupiga picha mpaka ulipokuwa, kama Bwana Shauri alivyonielekeza. Nikamkuta baba mdogo peke yake anakata mizabibu. Vijana wa kibarua hawakuja. Mkasi wake butu, springi imekufa, ameifunga kwa mpira wa ndani ya baiskeli, kila akikata anaufungua kwa mkono wa pili. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Nikasimama pale. Halafu akaninyooshea ule mkasi, yeye akachukua kisu.

Tulikata mistari minne. Hatukuongea habari ya shamba. Aliniambia mara moja tu, "hapo umeacha macho mengi", na ni kweli nilikuwa nimeacha mengi. Pale tulipokata asubuhi, mchana yalikuwa yanadondosha maji, Mkulima wa Hombolo hakutania. Tulipomaliza akaosha mikono, akaniambia, "Baba yako alikuwa anakata kwa haraka kuliko wewe." Nikaondoka.

Picha sikupiga. Ila Jumatatu naenda mahakamani kuanza mirathi.

#56 Kijana wa Nkuhungu
Sasa umemwachia Mungu au hujamwachia?

#57 Zabibu Chungu
Sijui mkuu. Mkasi niliushika na mahakamani nakwenda.

#58 Mkulima wa Hombolo
Macho mangapi uliacha? Na mmepiga salfa? Msije mkakata vizuri mkaliwa na ubwiri.

#59 Mrangi Halisi
Kondoa bado kukavu kabisa. Mpunguzi kuna wingu?

#60 Zabibu Chungu
Wingu lipo tangu juzi, linapita tu.

#61 Msimulizi wa Pembeni
Jumatatu saa ngapi?

#62 Bwana Shauri
Fikeni saa moja na nusu, msisubiri foleni. Cheti cha kifo halisi na nakala. Kikikosekana ombeni nakala RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, ila mtachelewa.

#63 Msimulizi wa Pembeni
Kipo kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la mzee, pamoja na risiti za hospitali. Nitamwomba mwenyewe, sitakichukua bila kumwambia.